Mpunga ukiuzwa Ifakara, masikio ya mtoto yakumbukwe

Ukiacha barabara kuu pale Mikumi na kushika njia ya Kidatu, mashamba ya miwa yanakupokea, kisha milima ya Udzungwa inakusindikiza upande wa kulia hadi Mang'ula na kuendelea. Mbele zaidi bonde la Kilombero linatanuka, na hapo ndipo ilipo Ifakara, mji wa mpunga, baiskeli na joto.

Fika hapa baada ya mavuno, nawe utausikia mji kabla hujauona vizuri. Magunia yakishauzwa kuna ada ya shule, kuna deni la dukani, kuna bati za kuongeza. Kikibaki chochote, sebule nayo inadai haki yake: muziki.

Si wengi wanaonunua seti kamili. Risiva, yaani mashine inayosukuma sauti kwenye spika, ni ya mtumba. Spika mbili zimetoka kwenye deki ya zamani, nyingine ilikuwa kwenye gari, na sabufa imenunuliwa mpya sokoni. Fundi redio anaunganisha, jioni watoto wanakaa mkekani kuangalia katuni.

Kuchanganya si kosa. Ila kabla fundi hajakaza nyaya, mzazi geuza kila kifaa usome nyuma.

Anza na umeme. Wetu ni volti 230. Risiva iliyotengenezwa kwa soko la Japani huandikwa volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, inaweza kuungua siku hiyo hiyo.

Kisha tafuta omu. Risiva nyingi zinataka spika za omu 6 au 8 kwenda juu, wakati spika za gari kwa kawaida ni omu 4. Namba ikiwa ndogo, mashine inabeba mzigo mkubwa zaidi na inachemka. Hata spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba kwenye tundu moja, mashine inaziona kama omu 4.

Joto la bondeni linaongeza tatizo. Wengi wetu tunapenda kufunika redio kwa kitambaa cha kufuma au kuisukuma ndani ya kabati. Matundu ya juu ya risiva ndiyo pua zake; yaache wazi.

Usibabaishwe pia na boksi lililoandikwa wati 5,000 PMPO. Hiyo ni namba ya kuuzia. Wati za kweli huandikwa RMS, na ukizizidisha mara mbili unapata desibeli tatu tu za ziada. Kama pesa ni ya kuunga, nunua kwanza jozi moja inayofanana ya kukaa kulia na kushoto kwa televisheni. Hizo tofauti ziende nyuma. Maneno yakisikika vizuri, hakuna sababu ya kupandisha sauti.

Na hapo ndipo afya inapoingia, hasa masika. Mvua ya Kilombero ikipiga kwenye bati lisilo na dari, mtangazaji hasikiki tena. Mkono unakwenda kwenye kitufe, sauti inapanda. Mvua inakatika, lakini mara nyingi hakuna anayekumbuka kuirudisha. Mtoto aliyekaa hatua moja kutoka kwenye spika anaendelea kupokea sauti ya dhoruba ambayo imeshapita.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtoto anayesikiliza vifaa vya sauti asizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda huo unapungua nusu: kwa 78 ni saa 20, kwa 81 ni saa 10. Vijinywele vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha.

Huna kipimo? Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako. Kama mnalazimika kupaza sauti ndipo msikilizane, punguza. Waketishe watoto mbali na spika, na nyaya zipite ukutani wasikofika kuzichezea. Spika nzito isikae juu ya stuli ambayo mtoto anaweza kuivuta.

Angalia dalili pia. Mtoto anayeomba urudie maneno, anayesogelea televisheni kila mara, au anayesema masikio yanalia kama nyuki, apelekwe kituo cha afya akapimwe. Wapo wanaoitwa wakaidi shuleni kumbe hawasikii vizuri.

Muziki ni halali ya mkulima aliyeshinda matopeni miezi kadhaa. Aufurahie. Ila mvua ikikatika, mtu mmoja ndani ya nyumba awe na kazi ya kurudisha sauti chini.