Bei ya Juzi

"Mwanangu, saa sita bado haijafika. Bei hii imetoka wapi?"

Aliyepiga simu alikuwa mzee muuza mahindi wa Kibaigwa, mwaka 2010. Kijana wake alimfungulia ukurasa wetu wa bei za mazao, na chini ya bei palisomeka 2010-08-17 06:12:40. Seva ilihesabu kwa UTC, yaani saa za Greenwich. Kwetu ilikuwa saa tatu na dakika 12 asubuhi. Nikaanza kumweleza habari za Greenwich. Akanikatiza: "Niambie tu, ni ya leo au ya juzi?"

Usiku ule nikaandika programu ndogo ya kusema bei imewekwa muda gani uliopita. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, kwa hiyo kutoa na kugawanya kwa 60, 3,600 na 86,400 hakukunisumbua. Kilichonitoa jasho ni Kiswahili. Mfano niliouiga ulitoka Rails, mfumo wa kuunda tovuti, nao ulikuwa wa Kiingereza, ambacho wingi wake mara nyingi huisha kwa kubandika herufi moja. Mimi nilitaka dakika 1 iliyopita, dakika 5 zilizopita, mwezi 1 uliopita, miezi 2 iliyopita. Wiki nzima tulionyesha "mwezi 1 zilizopita" na hakuna aliyelalamika, ila mwalimu mmoja mstaafu. Baadaye nikajaribu maktaba iliyoandikwa na wengine, nikakuta "saa limoja". Limoja! Nikarudi kwenye yangu.

Tulipohamishia hesabu kwenye kivinjari, bei iliyowekwa sasa hivi ikasomeka "saa 3 zilizopita". Seva ilituma saa ya UTC bila kusema ni ya UTC, kivinjari kikaidhania ya Dar es Salaam. Herufi moja tu, Z, mwishoni mwa muda, ikamaliza kesi. Halafu kulikuwa na wale wanaoacha ukurasa wazi tangu asubuhi: jioni bado unawaambia "dakika 2 zilizopita". Kwa mtu mwenye magunia mkononi huo ni uongo, kwa hiyo tukafanya hesabu irudiwe kila dakika, na tarehe kamili ikabaki chini yake kwa maandishi madogo.

Mwishoni mwa 2018 vivinjari vikaanza kuja na Intl.RelativeTimeFormat, chombo cha kuandika muda wa namna hii, ngeli zetu zikiwa ndani. Nilifuta karibu mistari yangu yote, bila huzuni. Nikachagua Kiswahili, nikaweka numeric iwe "auto" ili kitumie neno badala ya namba pale lilipo, nikakipa kivinjari siku -2.

Kikajibu: juzi.