Tutaona Nini Kibaha?

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alinitumia ujumbe kutoka Gdańsk mwezi mmoja kabla ya kuja likizo. Alikuwa anakuja na mkewe, Mpolandi, ambaye hakuwahi kufika kwetu. "Wifi yako anauliza, tutaona nini Kibaha?" Nilikuwa kwenye daladala ya Mbezi, nimebanwa dirishani na begi la mtu usoni. Nikamjibu neno moja: "Foleni."

Haukuwa utani mtupu. Ukimwambia mtu kwenu ni Kibaha atakwambia, "Nimepita sana pale." Hakuna anayesema nimefika. Ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, lakini kwa wengi ni mahali ambapo basi hupunguza mwendo, unanunua maji dirishani, kisha safari inaendelea kwenda Chalinze. Hata majina ya vituo vyetu ni ya watu wa njiani: Maili Moja, Kwa Mathias, Picha ya Ndege. Nimekulia dakika kumi kutoka Picha ya Ndege na hiyo picha sijawahi kuiona.

Wifi hakucheka. Alituma picha ya Malbork, mji mdogo jirani na wanapoishi. Una ngome ya matofali mekundu iliyoanza kujengwa karne ya 13 na wapiganaji wa kidini wa Kijerumani. Vita Kuu ya Pili ilibomoa zaidi ya nusu yake, Wapolandi wakaijenga tena, na mwaka 1997 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa dunia. Chini ya picha aliandika kwa Kiswahili chake cha kujifunza: "Mji mdogo. Nyinyi pia lazima mna kitu."

Mama alikuwa na jibu tayari. "Wapeleke Bagamoyo, waone magofu ya Kaole, wale pweza, warudi wamefurahi." Bibi alikuwa kwenye mkeka anachambua mchicha. Hakuinua kichwa. "Wageni wanakuja kwetu, nyie mnawapeleka kwa watu?"

Bibi ni Mzaramo wa Kisarawe, ana miaka themanini na kitu. Mimi huniita mke mwenzangu. Akisema jambo kwa sauti ile ya chini, hata mama hujifanya ana kazi jikoni.

Basi siku ya kwanza nikawapeleka mahali nilipozaliwa, maana sikuwa na wazo lingine. Hospitali ya Tumbi imo ndani ya eneo la Shirika la Elimu Kibaha, na nilipoanza kumweleza wifi ndipo nilipogundua kwamba nina cha kueleza. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa na uhuru wa miaka miwili tu, nchi nne za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilianzisha kwa pamoja mradi mmoja hapa porini: shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha mafunzo ya wakulima, vyote sehemu moja. Wakati ule serikali ilikuwa imetangaza vita na maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na mtu angeweza kusema kila adui alijengewa jengo lake. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Tanzania.

Nimepita pale maisha yangu yote, kwenda kliniki, kwenda kuona wagonjwa, kwenda kujisomea maktaba wakati wa mitihani. Sikuwahi kupaangalia kama mahali penye historia. Historia nilifundishwa kwamba iko Kilwa na Olduvai. Wifi alisimama mbele ya majengo yale ya chini, yenye madirisha mapana na miti mikubwa kuyazunguka, akasema yanamkumbusha shule aliyosoma. Kaka akatafsiri, kisha akaongeza kwa Kiswahili, kwangu mimi: "Baba mdogo alisoma hapa." Baba mdogo wake ni baba yangu. Aliingia Sekondari ya Kibaha mwaka 1974, mtoto wa mkulima wa mihogo, na kila tulicho nacho nyumbani kilianzia kwenye ile barua ya kuchaguliwa. Nilijua hilo. Nilidhani nalijua lote.

Siku ya pili Bibi akatangaza kwamba na yeye anakwenda. Alivaa khanga mpya, akakaa kiti cha mbele, akaweka mkoba mapajani. Tukashika njia ya Kiluvya kuelekea Kisarawe.

Pugu iko upande wa Dar es Salaam wa vile vilima, lakini huwezi kwenda Kisarawe na mgeni ukaiacha. Mwaka 1888 wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walijenga misheni yao pale. Haikudumu mwaka. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, ilivamiwa, baadhi yao wakauawa na wengine wakatekwa. Baadaye Wakatoliki walirudi, na shule yao ya Mtakatifu Francis ndiyo iliyompa kazi Julius Nyerere aliporudi kutoka masomoni Edinburgh. Alikuwa mwalimu wa Pugu TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1955 akaacha ualimu. Wazee husimulia alivyokuwa akitembea kwa miguu kwenda mjini kwenye mikutano. Ni zaidi ya kilomita ishirini. Kaka akasema hata bodaboda wa leo angekataa kwa bei ya siku ile. Benjamin Mkapa naye alipita shule hiyohiyo, kwa hiyo kilima kimoja kimetoa marais wawili, mmoja akiwa na chaki na mwingine akiwa na daftari.

Ng'ambo kidogo, upande wa Kisarawe, ipo Minaki, shule ya Waanglikana iliyohamia hapo mwaka 1925 kutoka Kiungani, Zanzibar. Tuliipita tu. Jua lilikuwa kali na wifi alikuwa ameanza kuwa mwekundu.

Msituni tulikaa zaidi. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni wa zamani sana, mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwa imeunganika, na ndani yake anaishi komba mdogo ambaye duniani anapatikana kwenye misitu michache tu ya Tanzania. Hatukumwona. Tuliona mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Siku hizi ni makazi ya popo, na jua likizama hutoka kwa maelfu, mstari mrefu mweusi juu ya miti. Wifi alitaka tusubiri jioni. Bibi akasema popo hata Kibaha wapo, na yeye hakuja huku kuangalia popo.

Alitaka kwenda kwao.

Kijiji chao kiko mbele ya Kisarawe, kwa njia ya Maneromango, barabara ambayo wamisionari wa Kilutheri walipita miaka ya 1890. Huku ndiko alikotoka Kibasila, jumbe wa Kisangire aliyewaongoza Wazaramo katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Dar es Salaam kuna sekondari yenye jina lake, nimecheza nayo netiboli, na sikuwahi kuuliza Kibasila ni nani. Bibi alikuwa akionyesha kwa kidole: hapa palikuwa na mwembe, hapa tulikuwa tunachota maji, hapa nilichezwa.

Wifi akauliza kuchezwa ni nini. Kaka akababaika kutafsiri, Bibi akamuokoa kwa kueleza mwenyewe, taratibu. Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, na alipewa mwanahiti wa kumlea: kichongo cha mti, kifupi, chenye kichwa, matiti na kitovu, bila mikono wala miguu. Ulimwogesha, ukamsuka, ukamlaza. Ukimzembea, watu walisema na mtoto wako utamzembea. Siku ya kutoka ilikuwa ngoma mpaka asubuhi. "Wa kwangu nilimrudisha kwa shangazi," alisema. "Hakuwa mali yangu. Alikuwa wa ukoo."

Tulifika shambani. Naliita shamba kwa mazoea, maana mjomba mmoja aliliuza miaka minne iliyopita, tukapata habari wakati ukuta wa matofali ya saruji umeshafika kiunoni. Mnunuzi alikuwa muungwana kuliko muuzaji. Kona ya makaburi aliiacha nje ya ukuta. Vichuguu sita vya udongo, majani, mkole mmoja mzee.

Kabla ya kuja Kibaha, kaka na wifi walikuwa wamepita Tengeru, karibu na Arusha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamepelekwa Siberia na Wasovieti, waliishi kambini pale baada ya kupitia Iran. Waliofia huku wana makaburi yenye majina, ukuta na lango, na Mtanzania anayeyatunza. Wifi alikuwa ametuonyesha picha jana yake, alivyolia mbele ya jina linalofanana na la bibi yake. Sasa alikuwa ameduwaa kwenye majani, anatafuta jina la kusoma.

"Hapa palikuwa na mti," Bibi alisema.

"Mti gani, Bibi?"

"Wa kuchongwa. Kaburini kwa bibi yangu. Juu una mwanahiti."

Nilijua vitu hivyo. Nilishaviona kwenye kabati la kioo kwenye makumbusho na kwenye tovuti za majumba ya Ulaya, Berlin wanavyo, na siku zote hadithi kichwani mwangu ilikuwa moja: waliiba. Nikaanza kumweleza wifi hivyohivyo, kwa Kiingereza, kwa ukali kidogo, kama vile yeye ndiye alikuja na msumeno.

Bibi akanigusa mkono. "Usimseme mtoto wa watu. Tuliuza."

Alikaa juu ya mzizi wa mkole, akakunja khanga magotini. Baba alipochaguliwa Kibaha, shule ilikuwa bure, lakini ile karatasi ilitaka sanduku la bati, blanketi, shuka mbili, na viatu vyeusi. Walikuwa hawana hata kimoja. Palikuwa na mtu anapita vijijini kununua vinyago vya zamani, hakuuliza vya nani. Babu alikwenda usiku, akaung'oa, akaufunga kwenye baiskeli kwa kamba ya mkonge. Bibi alishika tochi.

"Nilimwambia bibi yangu, nisamehe, mjukuu wako anakwenda kusoma. Babu yenu akauangusha hapo njiani, ukamegeka upande huu." Akashika sikio lake la kushoto. "Kisha sikusema kwa mtu. Hata baba yako hajui."

Kaka alikuwa ameacha kutafsiri. Wifi hakuuliza.

Lile sanduku bado lipo. Liko chini ya kitanda cha Bibi, la kijani, jina la baba limeandikwa kwa rangi nyeupe pamoja na neno KIBAHA. Nimelikalia, nimefichia humo pipi, nilipokuwa mdogo lilikuwa gari na jahazi. Usiku ule tulilivuta nje, wifi akalipiga picha kutoka kila upande kama alivyopiga ile ngome ya kwao.

Wamesharudi Gdańsk. Kila wiki mbili tatu wifi hunitumia picha alizozipata kwenye makumbusho ya huko, za watu wenyewe au za mtandaoni: mwanahiti huyu, na huyu, na huyu. Ninamwekea Bibi simu karibu na macho, ninaikuza picha. Huangalia upande wa kushoto kwanza. Huangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Siye," anasema. "Lete mwingine."