Njia ya Mfalme Katika Nchi ya Wasami

Kaskazini kabisa mwa Uswidi, ng'ambo ya mstari ule ambao nyuma yake jua halichomozi wakati wa Krismasi, yapita njia ya miguu iitwayo Kungsleden, maana yake Njia ya Mfalme. Yaanza Abisko, penye stesheni ndogo ya reli, na kwisha Hemavan, mwendo wa kilomita 440 hivi, yaani kama maili 270. Wala usidhani ni barabara. Ni mkondo wa nyayo tu katika mawe na vichaka, na penye kinamasi zimelazwa mbao mbili mbili za kukanyagia. Watu wengi hutembea sehemu yake moja. Mimi nilitembea kutoka Abisko mpaka Kvikkjokk, karibu kilomita 180, mwezi wa Septemba mwaka 2022, nami nilikuwa peke yangu.

Reli ya Abisko ilifunguliwa mwaka 1903 ili kuchukua mawe ya chuma kutoka Kiruna mpaka bandari ya Narvik, nchi ya Norwei, na hata leo treni ndefu za chuma hupita hapo usiku na mchana. Chuma hicho ndicho kinachouhamisha mji wa Kiruna wenyewe, maana machimbo yamekula ardhi chini ya nyumba za watu. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 kanisa lao kubwa la mbao lilipandishwa zima juu ya magari, likapelekwa kilomita 5 mpaka mahali papya. Lakini ukiipa reli kisogo na kutembea nusu saa tu, sauti ya treni hupotea, na baada ya hapo husikii ila maji na upepo.

Niliuchagua mwezi wa Septemba kwa makusudi. Kwetu vuli ni mvua, tena ni wakati wa kushika jembe. Kwao majira hayo ni ya majani kupukutika, na katika nchi ile ya kaskazini hayadumu ila majuma machache. Mbu, ambao wakati wa kiangazi humtesa msafiri kuliko mbu wa Mto Tana, huwa wamekwisha kuuawa na sakitu. Mti wa betula, wenye gome jeupe, hugeuka manjano kama ndizi mbivu. Na ile betula ndogo itambaayo chini, isiyofika magotini, hugeuka nyekundu, hata kilima kizima huonekana kama kilichotandikwa mkeka wa rangi. Katikati yake mna matunda madogo ya buluu na mekundu, na kila mtu aruhusiwa kuyachuma. Waswidi wana desturi ya kale, iliyotajwa hata katika Katiba yao, kwamba kila mtu ana haki ya kupita katika ardhi iliyo wazi, hata ikiwa ni ya mwingine, mradi asiharibu kitu wala asiwasumbue watu.

Msomaji asifikiri kwamba baridi ya huko yatokana na urefu wa milima. Mahali pa juu kabisa katika njia yote, penye shingo la mlima liitwalo Tjäktja, ni kama mita 1,150 tu juu ya bahari, yaani chini ya mji wa Nairobi. Hata Kebnekaise, mlima mkubwa kuliko yote ya Uswidi, haufikii Limuru. Kilele chake cha kusini ni cha barafu, na kwa kuwa barafu hiyo yaendelea kuyeyuka, mwaka 2019 wapimaji waligundua kwamba kimekuwa kifupi kuliko kilele cha kaskazini, ambacho ni cha mwamba. Baridi ya huko huletwa na jua kutopanda juu sana angani. Pale Tjäktja nilikuta maji ya kopo langu yameganda asubuhi, na mbao za kinamasini zilikuwa na sakitu, zikiteleza kama sabuni.

Kila baada ya kilomita 10 mpaka 20 ziko nyumba za mbao za Chama cha Watalii cha Uswidi, kilichoundwa mwaka 1885. Hazina umeme wala maji ya bomba. Mgeni huteka maji mtoni, hupasua kuni, humwaga maji machafu mahali palipoonyeshwa, na kabla ya kuondoka hufagia chumba na kuacha kuni kando ya jiko kwa ajili ya atakayefuata. Mtumishi hayuko. Nilimwona bwana mmoja mnene, mwenye saa ya thamani mkononi, amepiga magoti akisugua sakafu huku akipiga mluzi, nami nilipendezwa sana. Katika juma la tatu la Septemba nyumba hizi huanza kufungwa, isipokuwa chumba kimoja chenye jiko na vitanda vichache, ambacho huachwa wazi kwa ajili ya mtu aliyepatwa na tufani.

Alama za njia nazo zataka uangalifu. Kuna njia mbili katika moja. Ile ya kiangazi ina mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Ile ya wakati wa theluji ina nguzo zenye misalaba myekundu iliyolazwa upande, na hiyo hukata moja kwa moja juu ya maziwa na vinamasi, kwa sababu wakati huo vyote vimeganda. Basi ukungu ukishuka, msalaba huonekana kwa mbali kuliko jiwe, na mgeni asiyejua atauandama mpaka ajikute ukingoni mwa maji.

Kutembea peke yako katika nchi kama hiyo si jambo la kusifiwa ovyo. Kifundo cha mguu kikiteguka, hakuna wa kukubeba. Na simu ya mkononi, ambayo siku hizi tumeifanya kuwa kinga ya kila balaa, katika sehemu kubwa ya njia haishiki kitu. Wenyeji huandika majina yao katika daftari la kila nyumba, wametoka wapi na waenda wapi, ili wakipotea watu wajue pa kuanzia kuwatafuta. Nami niliandika kila nilipolala. Masurufu yangu yalikuwa uji wa shayiri, samaki wa kopo, mkate mkavu na majani ya chai, yote katika shanta moja, pamoja na hema, ramani na dira.

Dag Hammarskjöld aliipenda milima hii. Wazee wetu watalikumbuka jina lake. Alikuwa Mswidi, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1953, naye alikufa tarehe 18 Septemba mwaka 1961, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, alipokuwa akienda kutafuta amani katika vita vya Katanga. Watu wachache wanajua kwamba alikuwa pia makamu wa mwenyekiti wa chama kile kile chenye nyumba hizi. Baada ya kifo chake maandishi yake ya siri yalipatikana nyumbani kwake New York, yakachapishwa mwaka 1963 kwa jina la Kiswidi ambalo maana yake ni Alama za Njiani. Baina ya Abisko na Nikkaluokta yamewekwa mawe yaliyochongwa maneno yake, ili mpitaji apumzike na kufikiri. Nilikaa mbele ya mojawapo, nikawaza jinsi mtu wa nchi hii ya theluji alivyokuja kufia katika msitu wa Afrika.

Vitabu vya wageni huiita nchi hii nyika tupu isiyo na watu. Hilo halikubaliki. Ni malisho ya Wasami, ambao tangu kale huchunga wanyama wa jamii ya kulungu wenye pembe za matawi, na katika Uswidi hakuna wengine wenye haki ya kazi hiyo. Mwezi wa Septemba huwakusanya wanyama zizini na kuchinja madume kabla ya wakati wa kupandana. Karibu na Alesjaure niliwaona kama mia hivi wakishuka mlimani, nikaketi chini nisiwatawanye. Mahakama Kuu ya Uswidi, mwezi wa Januari mwaka 2020, iliamua kwamba jumuiya ya Wasami wa Girjas, wala si Serikali, ndiyo yenye haki ya kutoa ruhusa za kuwinda wanyama wadogo na kuvua samaki katika eneo lao la milimani, kwa kuwa wamelitumia tangu zamani za kale. Watu wetu waliozoea kesi za ardhi wataona kwamba si jambo dogo.

Sasa nifike kwenye maziwa. Pale Teusajaure, Sitojaure na Laitaure njia huingia majini, na msafiri hana budi kuvuka. Wakati wa watalii kuna mashua za mota. Zikiisha kufunga kazi, hubaki mashua za makasia, tatu kwa kila ziwa, na sheria yake ni moja: lazima kila upande ibaki mashua moja siku zote. Ukikuta mbili upande wako, umepona. Wachukua moja na kwenda. Ukikuta moja tu, yakubidi uvuke nayo, ufunge mojawapo ya zile za ng'ambo nyuma yako, uirudishe ulikotoka, uiache hapo, kisha uvuke tena. Huvuka mara tatu aliyekuwa avuke mara moja. Teusajaure ni kilomita 1, nayo ni mchezo. Sitojaure ni kilomita 4.

Mzee mmoja Mswidi niliyelala naye nyumba moja huko Sälka, mtu wa miaka 70 kupita, aliyetembea polepole kwa fimbo mbili, aliniuliza kama najua kupiga makasia. Nikamwambia kwamba babu zangu walikuwa wavuvi. Akacheka, akasema, "Vema, Bwana. Basi huenda utanirahisishia kazi, maana mimi nitakuwa nyuma yako siku mbili."

Nilifika Sitojaure jioni ya tarehe 21, nikalala katika chumba kilichoachwa wazi. Mashua ya mota ilikuwa imekwisha kufunga kazi, na pwani palikuwa na mashua moja ya makasia. Saa mbili asubuhi nilivaa kizibao cha kuelea, nikaweka shanta omo ili mashua isiinue kichwa, nikaondoka. Maji yalikuwa shwari, milima yote ikionekana ndani yake. Baada ya saa moja na robo niliwasili ng'ambo, nikazikuta zile mbili zimepinduliwa juu ya mawe.

Hapo upepo ulianza kuvuma kutoka magharibi. Njia ya Aktse ilikuwa mbele yangu, kilomita 9 tu, na jua bado halijafika utosini. Hapakuwa na mtu wa kuniona. Lakini kama ningaliondoka, mashua zote tatu zingalikuwa upande mmoja, na mzee yule angalifika akasimama kule akizitazama ng'ambo ya kilomita 4 za maji, katika baridi hiyo, na njia ya nyuma yake ikiwa na nyumba zilizofungwa. Niliacha shanta yangu chini ya jiwe, nikapindua mashua moja, nikaifunga kamba kwenye tezi.

Kurudi kulichukua zaidi ya saa mbili. Mashua tupu ni nyepesi, na upepo huicheza kama jani. Kila wimbi lilipokuja iliyumba upande, ikavuta kamba na kunigeuza omo. Mikono ililowa, ikafa ganzi, nikawa siwezi kujua kama nimeshika kasia ila kwa kutazama. Nilipumzika nyuma ya kichwa cha nchi kavu, nikala mkate, kisha nikaendelea. Nilipofika niliivuta mashua mbali na maji, nikaipindua, nikafunga kamba mara mbili. Safari ya tatu, bila mzigo, nilikwenda upesi, nami nilitua kama saa nane.

Aktse niliingia giza likianza. Siku hizo usiku na mchana wa Uswidi na wa Nairobi huwa sawa, saa kumi na mbili kwa kumi na mbili. Baada yake huko kila siku hupungua dakika kadhaa, mpaka jua life kabisa. Asubuhi niliitazama delta ya mto Rapa, mikono ya maji ya kijani ikipinda katika msitu wa manjano, na juu yake jabali la Skierffe limekatika kama kwa kisu. Sijaona mahali pazuri zaidi kwa miguu yangu. Pale Laitaure nilikuta mashua mbili upande wangu, nikavuka kilomita zake 3 mara moja, na siku tatu baadaye nikawa Kvikkjokk, penye kanisa, barabara na basi la kwenda Jokkmokk. Kupitia dirisha la basi niliona vilele vimekuwa vyeupe.

Mtu akitaka kuiona njia hii, afadhali aende kabla ya katikati ya Septemba, awe na viatu vya kuzuia maji, wala asiwe peke yake kama hajazoea milima. Mashua za makasia hupandishwa nchi kavu kabla ya barafu kuanza. Atakayezikosa hana budi kurudi alikotoka, au kungoja miezi mpaka maziwa yagande sawasawa, ndipo avuke kwa miguu akiifuata ile misalaba myekundu.