Jina Moja, Orodha Nne



Daktari hushukuriwa, mchanjaji hukumbukwa, hata dereva wa gari la wagonjwa hupata sifa mtaani. Lakini yule aketiye jioni mbele ya kompyuta, akilinganisha majina yaliyoletwa kutoka mitaani, ni nadra kutajwa. Hata hivyo, wakati wa Ebola hapa kwetu Butembo na Beni, uhai wa wengi ulitegemea jambo hilo dogo: je, orodha za idara mbalimbali zilikuwa zinasema kitu kimoja, au zilikuwa zinapingana? Nilikuwa miongoni mwa waandishi hao wa jioni. Ninawaandikia kwa sababu leo wengi wenu mnaitwa kwenye kazi ya namna ile ile: kuandikisha wakimbizi wa vita, kuhesabu watoto wa chanjo, kubeba simu yenye fomu kutoka mlango hadi mlango. Ni vema mjue uzito wa kitu mnachokibeba.

Tukumbuke kwanza jinsi mambo yalivyokuwa. Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Chanzo kilichotajwa kilikuwa Mangina, katika zone ya afya ya Mabalako, si mbali na mji wa Beni. Ugonjwa ukafika Beni, ukashuka Butembo na Katwa, ukagusa Ituri na hata Kivu ya Kusini. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470 katika zone za afya 29, na kati yao 2,287 walikuwa wamefariki.

Nchi yetu ina zone za afya 519, na kila moja ina njia yake ya kawaida ya kupeleka taarifa. Kituo cha afya huandika, ofisi ya zone hukusanya, divisheni ya jimbo hupokea, kisha Kinshasa husoma. Kwa miaka kadhaa sasa taarifa hizo hupitia programu iitwayo DHIS2, ambayo ilitungwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na nchi nyingi za Afrika. Njia hiyo ilijengwa kwa mwendo wa mwezi: malaria mwezi huu, kina mama waliojifungua mwezi huu. Ebola haikungoja mwezi. Ilitaka kujulikana kabla jua halijatua.

Ndipo ilipokuja ile ambayo sote tuliiita Riposte. Ndani yake mlikuwa na komisheni nyingi: ya ufuatiliaji, ya maabara, ya chanjo, ya usafi na kinga, ya mazishi salama na yenye heshima, ya mawasiliano, ya faraja kwa familia. Wizara ilikuwa na watu wake, Shirika la Afya Duniani lilikuwa na wake, na mashirika ya misaada yalikuwa na wao. Kila mmoja alikuja na chombo chake. Huyu alijaza karatasi, yule jedwali la Excel, mwingine fomu ya KoBo kwenye simu. Baadaye programu ya Go.Data nayo ikaingia, iliyotungwa mahususi kwa ajili ya kufuatilia waliogusana na wagonjwa. Kila chombo kilikuwa kizuri peke yake. Taabu ilianza jioni, tulipojaribu kuviweka pamoja.

Fikirini kazi yenyewe. Mtu aliyegusana na mgonjwa hutakiwa kutazamwa siku 21, kwa kuwa ndio muda mrefu ambao virusi huweza kukaa mwilini kabla ya dalili kujitokeza. Komisheni ya ufuatiliaji humwandika. Komisheni ya chanjo humwandika pia, kwa sababu chanjo ilitolewa kwa kuwazunguka wagonjwa: waliomgusa mgonjwa, kisha waliowagusa hao. Akipata homa, maabara humwandika. Nyumba ikipata msiba, timu ya mazishi huwaandika walioishika maiti. Jina moja, orodha nne.

Sasa ongezeni majina yetu sisi Wanande. Mnajua kwamba kwetu mtoto hupewa jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Paluku ni wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Na binti wa kwanza ni Masika. Ni utaratibu mzuri wa wazee wetu, unaomfanya kila mtoto ajue nafasi yake nyumbani. Lakini mpeni mgeni kutoka mbali orodha ya mtaa mmoja wa Bulengera au wa Mulekera, atakuta akina Kambale wamejaa ukurasa. Mmoja ameandika jina la ubatizo mbele, mwingine nyuma, wa tatu ameliacha. Umri umekisiwa. Namba ya simu ni ya jirani.

Jioni moja mashine iliunganisha watu wawili kuwa mmoja. Majina yao yalikuwa sawa, njia ya mtaa ilikuwa ile ile, umri ulikaribiana. Katika orodha moja Kambale alikuwa amechanjwa. Katika orodha nyingine Kambale alikuwa ameuosha mwili wa shangazi yake. Programu ikaona mtu mmoja aliyekwisha chanjwa, ikashusha jina lake chini ya orodha, miongoni mwa wasio na haraka. Aliyetuokoa hakuwa na kompyuta. Alikuwa chefu wa mtaa, mzee tuliyemwomba kila jioni atusomee orodha kwa sauti. Alisimama kwenye jina hilo na kusema kwamba hao ni wawili: mmoja ni mtoto wa fundi mwashi, mwingine ni yule motari anayeegesha karibu na soko. Asubuhi timu ilimkuta motari akiwa amelala na homa. Kwa kuwa alifikishwa mapema kwenye matibabu, alirudi nyumbani akiwa hai.

Huyo alipatikana. Wengine hawakupatikana. Katika miezi migumu ya mwaka 2019, hasa Katwa na Butembo, wagonjwa wapya wengi walikuwa watu wasiokuwamo katika orodha yoyote ya waliogusana na mgonjwa, na wengine walifia nyumbani kabla hawajajulikana. Baadhi walikuwa wamepita katika vituo vidogo vya binafsi ambavyo havikuwa na mazoea ya kupeleka taarifa popote. Baadhi walijificha. Tuwe wakweli: walijificha kwa sababu walikuwa wamechoka nasi.

Mama mmoja muuza mawese alitupokea mlangoni akiwa amefunga mikono kifuani. Alituuliza, sisi wanawe, ni mara ngapi mtu hutaja jina lake mpaka lijulikane. Siku ile alikuwa amekwisha kuwataja wafu wake mbele ya timu tatu, na kila timu ilianza upya: jina la marehemu, siku aliyougua, nani alimshika mkono. Kila swali lilikuwa linafukua kaburi. Kwetu sisi lilikuwa sanduku la kujaza kwenye fomu. Tangu siku ile sijawahi kuamini kwamba kuunganisha taarifa za idara ni kazi ya mafundi peke yao. Kumuuliza mtu mara moja tu, kisha kuyatunza majibu yake ili wenzako wayatumie, ni njia ya kumheshimu.

Nilijifunza pia kwamba mashine haziwezi kupatana kabla ya watu kupatana. Kuna mambo matatu ambayo lazima idara zikubaliane juu yake.

La kwanza ni alama moja kwa mtu mmoja. Jina halitoshi, ni lazima kila aliyeandikwa apewe namba isiyofanana na nyingine, na namba hiyo imfuate kutoka mlangoni hadi maabara, na kutoka maabara hadi kitandani.

La pili ni maana moja kwa neno moja. Timu moja ilipoandika kwamba mtu “ameonekana”, ilimaanisha kwamba imempima joto mlangoni. Nyingine ilimaanisha kwamba amejibu simu. Ukijumlisha hao wawili unapata hesabu iliyo kubwa na isiyo na maana. Hata hesabu ya mwisho ya ugonjwa ule inatufundisha hivyo. Mtakuta mahali pengine imeandikwa 3,470, na pengine 3,317. Hakuna aliyedanganya. Ya kwanza inawajumlisha watu 153 waliodhaniwa kwa nguvu kuwa na Ebola bila kipimo cha kuthibitisha. Ya pili inahesabu waliothibitishwa peke yao. Asiyeeleza anahesabu nini humwachia msikilizaji nafasi ya kushuku.

La tatu ni kitabu kimoja kilicho chanzo. Wote wanaweza kuwa na nakala, lakini lazima ijulikane ni kipi kinachoamua pale nakala zinapotofautiana, na nani anaruhusiwa kukisahihisha. Kwa haki, kitabu hicho ni cha dola, kupitia ofisi ya zone ya afya, kwa sababu wageni huondoka na zone hubaki.

Vijana wa parokia, mfano wa jambo hili mnao karibu kuliko mnavyofikiri. Mwombeni katibu awaonyeshe, kwa ruhusa ya paroko, ukurasa wa kitabu cha ubatizo. Pembeni mwa jina mtaona nafasi ya maandishi mengine. Mtu akibatizwa Butembo, akapata kipaimara Oicha, akafunga ndoa Goma, parokia zile mbili zina vitabu vyao, lakini zina wajibu wa kupeleka habari Butembo, ili ziandikwe kando ya ubatizo wake. Sheria ya Kanisa inalitaka jambo hilo katika kanuni ya 535 na ya 1122. Ndiyo maana anayetaka kuoa huombwa cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni: kitabu cha chanzo ndicho kinachojua yote. Hapo pana alama moja, maana moja na chanzo kimoja, na kazi hiyo ilifanyika muda mrefu kabla ya intaneti. Na udhaifu wake ni ule ule wa kompyuta: paroko wa Goma asipotuma barua, kitabu cha Butembo hakitajua kitu.

Kitabu hicho pia hufungiwa kabatini. Orodha za waliogusana na wagonjwa hazikufungiwa daima. Zilisomwa juu ya mabega, zilipigwa picha, na kuna familia zilizokimbiwa sokoni kwa sababu jina lilitoka mahali lilipopaswa kukaa. Kushirikiana taarifa kati ya idara si kuzitawanya. Ni kumpa kila mmoja kile tu anachokihitaji kwa kazi yake.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito zaidi. Taarifa zetu zilipanda kila jioni kuelekea Goma, Kinshasa na Geneva. Zilishuka mara chache mno kurudi mtaani. Mnakumbuka Desemba 2018. Siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura siku hiyo pamoja na wengine, na sababu mbili zilizotajwa zilikuwa Ebola na usalama. Lakini soko lilikuwa wazi, shule zilifundisha, na makanisa yalijaa. Watu walipima maneno ya idara moja dhidi ya waliyoyaona kwa macho, wakahitimisha kwamba wanachezewa. Siku iliyofuata kituo cha kupokea washukiwa wa Ebola mjini Beni kilivamiwa. Mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na mwezi Aprili Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa Butembo akiwa kazini. Hakuna kinachohalalisha damu hiyo. Ila tukitaka isirudiwe, tukubali kwamba taarifa inayochukuliwa kwa watu bila kurudishwa kwao huwa mbegu ya uvumi.

Leo utawala wa jimbo uko Beni, tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Familia zilizokimbia Kanyabayonga na vijiji vya Lubero zimekuja kwetu, nazo zinaandikwa tena: na ofisi ya dola, na shirika la chakula, na la dawa, na mara nyingine na parokia. Anayejua kusukuma huandikwa mara tatu. Mjane mgonjwa aliyelala ndani huenda asiandikwe hata mara moja. Ninyi ndio mnaoshika simu hizo. Kabla ya kufungua ukurasa mpya, ulizeni nani amekwisha pita hapa. Someni orodha mbele ya mtu anayeujua mtaa. Na mkisha kuhesabu, rudini mkawaambie watu hesabu yao.

Maswali ya kujadili katika vikundi:

1. Katika parokia yetu, ni orodha ngapi za maskini na wakimbizi zinazotunzwa, na na nani? Je, watunzaji wake wamewahi kukaa meza moja?

2. Ni nani mtaani kwetu anayewajua watu kwa nyuso, na tumewahi kumwomba asikilize orodha zetu?

3. Mara ya mwisho tulipokusanya majina au michango, tulirudi lini kuwaeleza watu matokeo?