USIMCHAPE KABLA HUJAJUA KAMA ANAKUSIKIA



Ndugu zangu katika imani, leo nasimulia kosa langu mimi mwenyewe. Sijivunii. Nalisema ili lisikukute wewe uliye mzazi, wewe ustadhi, na wewe dada unayelea watoto wa ndugu yako.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi madrasa, mtoto wa miaka minane hivi. Alikaa nyuma kabisa kwa sababu wenzake walimkimbia. Sikio lake lilikuwa likitoa usaha na lina harufu. Nikimwambia "soma", anatazama midomo ya wenzake kwanza. Herufi ya sini anaisoma thaa, na swadi anaisoma sini. Nikamwita mkaidi. Siku tatu mfululizo nilimchapa bakora za mkono. Hakulia, alinitazama tu usoni. Nami nikasema moyoni: huyu ana kiburi.

Wallahi, hakuwa na kiburi. Alikuwa anatazama mdomo wangu.

Nililijua hilo siku umeme ulipokatika baada ya Maghrib. Tulikuwa tunasoma kwa kuitikia: mimi natangulia, wao wanafuata. Giza lilipoingia watoto wote waliendelea, yeye peke yake akanyamaza. Taa ilipoletwa akaanza tena. Nikapita nyuma yake nikamwita jina lake, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakugeuka. Mwili wangu ukaingia baridi.

Kesho yake nilikwenda na mama yake hospitali. Mama wa watu alikuwa amehangaika sana: mafuta ya nazi yenye kitunguu saumu, maziwa ya mama, kila alichoambiwa na majirani. Daktari akamulika, akatueleza kwamba ngoma ya sikio imetoboka, masikio yote mawili, na kwamba hali ile si ya jana wala juzi.

Sikiliza alivyotufahamisha. Kuna mrija mwembamba unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua hupanda kirahisi. Usaha hujikusanya nyuma ya ngoma, mtoto anapata homa, analia usiku, anashika sikio. Usaha ukizidi, ngoma inapasuka na maumivu yanapungua. Hapo ndipo wazazi wengi tunasema "alhamdulillah, amepona". Kumbe sikio limetoboka. Usaha ukiendelea wiki mbili au zaidi, huo ni ugonjwa sugu, na usikivu unaliwa kidogo kidogo.

Basi ndugu yangu, yashike haya:

1. Sikio linalotoa usaha usilitie mafuta, kitunguu, maziwa wala mafuta ya taa. Na usiazime dawa ya matone ya jirani, kwani baadhi ya matone huliumiza sikio ambalo ngoma yake imetoboka. Nenda kituo cha afya.

2. Sikio hilo linataka kukaa kavu. Sokota kitambaa safi na laini kama utambi, weka taratibu mlangoni mwa sikio, kikilowa toa, weka kingine mpaka pakauke. Fanya hivyo mara tatu kwa siku au zaidi, pamoja na dawa aliyokupa daktari. Usichokonoe kwa kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku.

3. Wakati wa kuoga, ziba kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, ukimaliza itoe. Asiogelee. Usihofu kuhusu ibada: katika udhu tunapangusa masikio kwa vidole vyenye unyevu, na hata katika josho sheria haikutaki umimine maji ndani ya tundu.

4. Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, usingoje kesho. Hospitali siku hiyo hiyo.

5. Wapo watoto wasiotoa usaha wala kulalamika maumivu. Pua imeziba kila siku, kwa mzio wa vumbi au nyama zilizokua nyuma ya pua, wanakoroma, wanalala mdomo wazi. Maji yanaweza kukaa nyuma ya ngoma na mtoto asisikie vizuri. Simama nyuma yake, mwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka mara kwa mara, mpeleke akapimwe.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba, na kwamba kila maradhi yana dawa yake. Kumtegemea Allah hakumzuii mtu kupanda bodaboda kwenda hospitali.

Tena ikumbuke Surat Abasa. Ilishuka kwa sababu ya kipofu aliyekuja kutafuta elimu na akakunjiwa uso. Ikiwa kukunja uso tu kumeteremshiwa aya, sisi tuliochapa tuna hali gani?

Nilileta istighfari nyingi. Lakini haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake, lazima umwendee mwenyewe. Niliporudi naye darasani nilimwomba radhi mbele ya wanafunzi wote. Aliniambia, "Nimekusamehe, ustadhi." Kisha nikamkalisha mbele.

Kwa matibabu usaha ulikauka. Sikio la kulia lilirudi vizuri, la kushoto halikurudi kama zamani, kwa kuwa tulichelewa. Leo ni mtu mzima, fundi cherehani, ana watoto wake. Tukikutana msikitini naenda upande wake wa kulia ndipo namtolea salamu.

Mfikishie ujumbe huu ustadhi mmoja na mzazi mmoja. Allah atuhifadhie masikio yetu na ya watoto wetu, na atusamehe tuliyowafanyia kwa kutojua. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.