Chumba Tupu Hakilipi Deni

Wiki hii tunawaletea jambo lililotokea ndani ya kikundi chetu wenyewe. Tumeomba ruhusa kwa wenzetu wawili wanaohusika, nao wamekubali tuliandike bila kuwataja majina.

Ilikuwa siku ya posho moja, mwanzoni mwa mwezi wa saba 2025. Tulikuwa tumekaa kama kawaida, daftari la likelemba katikati, kila mmoja akitoa mchango wake. Ilipofika zamu ya mwenzetu aliyekuwa na mkopo, hakutoa pesa. Aliweka funguo tatu juu ya mkeka, akasema: "Rejesho langu la mwezi huu ni hizi. Vyumba viwili viko tupu, cha tatu nimekifunga. Kama mnataka pesa yenu, chukueni vyumba."

Ule ufunguo wa tatu tuliujua wote. Ulikuwa wa chumba alichopanga mwenzetu mwingine, muuza bukari, aliyekuwa ameketi palepale. Kitanda chake na masufuria yake vilikuwa vimefungiwa ndani, na yeye na watoto walikuwa wakilala kwa dada yake. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha wote tulianza kusema kwa pamoja.

Tueleze tulivyofika hapo. Mwaka 2024 sanduku letu lilimkopesha yule mama dola 900. Alijenga aneksi ya vyumba vitatu nyuma ya nyumba yake, tofali za kuchoma na mabati mapya. Hesabu ilionekana nzuri: kila chumba dola 40 kwa mwezi, jumla dola 120. Angeturudishia dola 75 kila mwezi kwa mwaka mmoja, na kinachobaki kingemsaidia karo ya watoto. Wapangaji walipatikana kabla saruji haijakauka. Mmoja alikuwa kijana wa kupakia magunia kwenye depo za kununua madini. Wa pili alikuwa mchimbaji wa mkono, kreseri kama tunavyowaita. Wa tatu ni mwenzetu, aliyekuwa akipika bukari na sombe mbele ya depo hizohizo. Kila mmoja alitoa garanti ya miezi mitatu. Mwenye nyumba aliturudishia mara nne bila kuchelewa.

Halafu tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, kwa sababu bei duniani ilikuwa imeanguka sana. Sisi tulidhani hilo ni jambo la makampuni na la Kinshasa. Lakini depo isiyokuwa na pa kuuza hainunui. Kreseri asiyenunuliwa mzigo wake haendi kula bukari. Mpakiaji wa magunia alirudi kijijini kwao bila kuaga. Kreseri naye aliondoka mwezi wa tano. Mwenzetu wa bukari alibaki na sufuria lake mbele ya mlango uliofungwa. Tulitegemea mwezi wa sita ungefungua njia, lakini katazo likaongezwa miezi mitatu tena. Siku chache baadaye, mwenye nyumba alitia kufuli kwenye mlango wa mwenzake.

Wazee wetu wa kike walipotusikia tukipiga kelele, walitukumbusha kwamba hii si mara ya kwanza. Zamani za Gécamines nyumba ilikuja na kazi. Mwanaume akiandikwa kazini alipewa nyumba katika kambi, posho, shule na hospitali, na hakuna mama aliyejua bei ya chumba. Kisha mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, na mishahara ikakaa miezi mingi bila kuonekana. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ile depa volontere. Baadhi ya mabibi zetu walitumia bahasha ile kujenga chumba cha kupangisha, kwa sababu chumba hakiozi kama samaki. Ndipo kodi ya nyumba ikawa mshahara wa wajane na wa wake wa waliostaafu.

Tangu hapo, kodi hiyo hupanda na kushuka na madini. Mwaka 2008 tani moja ya shaba ilikuwa zaidi ya dola 8,000 katikati ya mwaka, na kufikia Desemba ilikuwa karibu dola 3,000. Mwezi wa tisa 2015 KCC, yenye shimo la Mashamba Mashariki, ilisimamisha uzalishaji, na ilirudi mwisho wa 2017. Kobalti iliyopita dola 90,000 kwa tani mwaka 2018 ilishuka hadi karibu dola 30,000 mwaka uliofuata, na mwezi wa kumi na moja 2019 mgodi wa Mutanda ulifungwa kwa karibu miaka miwili. Kila mara tuliona mambo yaleyale: magodoro juu ya baiskeli, maduka yenye mlango nusu, na komisioneri wakizunguka na funguo nyingi mfukoni.

Hata bei ya parseli hapa haifuati nyumba peke yake. Tulijifunza hilo kule Kasulo mwaka 2014, kobalti ilipopatikana chini ya sakafu za watu. Ukuta uliopasuka ukawa na thamani kuliko villa, kwa sababu ya kilichokuwa chini yake. Na madini yakikosa mnunuzi, hata ukuta mzuri unakosa mpangaji.

Lakini kuna jambo moja tulilolitambua siku ile ya funguo, na ndilo linalotufanya tuandike. Kampuni mpya ikifika, kodi hupanda kwa wiki moja. Kampuni ikilala, kodi haishuki kwa wazi. Mwenye nyumba anaona haya kutaja bei ndogo, anaogopa jirani watamcheka, au anasema moyoni kwamba mwezi ujao mambo yatafunguka. Komisioneri naye anaendelea kutangaza bei ileile, kwa kuwa mkono wake hulipwa kutokana nayo. Ukiuliza mtaani, utaambiwa chumba ni dola 40. Ukiangalia mlango, una kufuli mwezi wa nne. Basi bei ya kweli ni ipi? Ni ile inayolipwa, siyo ile inayotajwa.

Kwa maduka ni vilevile, tena pengine ni vibaya zaidi. Mmoja wetu anauza vikwembe katika duka dogo, na alilipa miezi sita mbele wakati biashara inachemka. Wateja walipopungua, kodi yake haikupungua, maana ilikwisha kuliwa. Alibaki akiuza ili duka liwe wazi tu. Shaba haikusimamishwa, kwa hiyo mama mwenye mume kwenye kampuni kubwa bado alinunua. Waliopotea ni wateja wadogo, wale wa kikwembe kimoja kwa mkopo, nao ndio waliokuwa wengi.

Turudi kwenye mkeka. Wengine walisema tuuze mabati ya aneksi tupate pesa yetu. Wengine walisema muuza bukari ndiye mwenye kosa, angehama mapema. Ndipo mweka hazina wetu akachukua kalamu akasema, "Tuandike kwanza, hasira baadaye."

Tuliandika. Muuza bukari hakulipa miezi minne, Machi hadi Juni: dola 160. Lakini alikuwa ametoa garanti ya miezi mitatu, dola 120. Garanti ile iko wapi? Mwenye nyumba aliinamisha kichwa. Ilikwenda kwenye mabati. Tukatoa: 160 kasoro 120. Deni lote lililomfanya mama na watoto wake walale nje ya kwao lilikuwa dola 40. Tulinyamaza tena, lakini safari hii kwa haya, maana sisi wote tulilijua jambo hilo tangu mwezi wa nne na hakuna aliyeuliza.

Tukaendelea na hesabu. Chumba kikikaa tupu mpaka Desemba kwa dola 40, kinaleta sifuri. Kikikaa na mtu kwa dola 25, kinaleta dola 150 kwa miezi sita, na mtu huyo anafagia, anachota maji, anazuia wezi wa madirisha. Mwenye nyumba alitazama karatasi muda mrefu. Kisha alichukua ufunguo wa tatu, akamrudishia mwenzake mkononi. Hawakukumbatiana, uchungu ulikuwa bado. Walitembea njia moja kurudi nyumbani, na hiyo ilitosha kwa siku ile.

Sanduku nalo lilibeba sehemu yake. Deni lililobaki, dola 600, tulilitandaza kwa miaka miwili, dola 25 kwa mwezi bila kuongeza faida. Maana yake ni kwamba wenzetu wawili waliokuwa wakingoja mkopo walisubiri zaidi. Walinung'unika, na walikuwa na haki.

Tangu siku ile tumekubaliana mambo manne, na tunawapa nanyi myapime.

Kwanza, hatukopeshi tena pesa ya kujenga vyumba ambavyo wapangaji wote watakuwa wa kazi moja. Angalau kimoja kiwe cha mwalimu, muuguzi au fundi cherehani.

Pili, garanti siyo pesa ya mwenye nyumba. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba imeweka mpaka wa miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Anayedaiwa zaidi akatae, na anayepokea aiweke pembeni. Kila kitu kiandikwe, hata kati ya marafiki.

Tatu, mpangaji akikosa mwezi mmoja, aje kusema kabla ya wa pili. Mwenye nyumba naye asikilize kabla ya kununua kufuli.

Nne, shamba la mahindi tusiliache kwa sababu ya kodi. Kodi inaweza kukata siku moja.

Tangu tarehe 16 Oktoba 2025 kobalti imeruhusiwa kutoka tena, lakini kwa kiasi kilichopimwa: tani 96,600 kwa mwaka 2026. Depo chache zimefungua nusu mlango. Muuza bukari amehamisha sufuria lake karibu na shule, na amekwisha kulipa dola 30 kati ya zile 40. Chumba kimoja kimepata mtu. Kingine bado kitupu, na ufunguo wake uko kwa mweka hazina. Ukijua mama anayetafuta mahali, bei ni dola 25, na tunaitaja bila haya.