Kamera Sokoni

Siku moja katika soko la Itumbe nilimpiga picha mama mmoja muuza ndizi bila kumwomba ruhusa. Alijifunika uso kwa leso, akasema, "Mwalimu, ndizi nauza, uso wangu je, nani kakwambia nauuza?" Niliona haya, nikamtaka radhi, nikaifuta picha ile mbele yake.

Sikulaumu kamera. Mwaka 1984 picha za Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ziliwaamsha walimwengu waisaidie Ethiopia yenye njaa. Lakini kamera haina haya. Haya ni ya mwenye kuishika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hulinda faragha ya kila mtu, hata maskini. Basi, omba kwanza. Ukikataliwa, shukuru, uende zako.